Mkasi wa Moscow, Kumbukumbu ya Kigali

Vijana wengi wanaoingia katika filamu hapa Kigali hukimbilia kamera. Hawana kosa. Kamera hubebwa begani, huonekana, humpa mwenye nayo heshima mtaani. Meza ya mhariri haina shani hiyo. Mhariri hujifungia chumbani, mapazia yameshushwa, mbele yake kompyuta na spika mbili, akirudia sekunde nne zile zile tangu asubuhi. Anaondoa fremu tatu, anatazama. Anarudisha mbili, anatazama tena. Jioni ukimuuliza amefanya nini kutwa, atakuonyesha dakika moja. Na kazi ikiwa imekwenda vizuri, wewe mtazamaji hutajua kwamba kuna mtu aliyeifanya.

Nataka kuisifu kazi hiyo, na nataka kuisifu nikiwa hapa, katika mji unaojua kuliko miji mingi kinachoweza kutokea mtu mwenye nia mbaya akipewa nafasi ya kupanga kile ambacho umma utakisikia na kukiona. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, chombo chenyewe kilikuwa redio. Redio ya RTLM ilichanganya muziki, mzaha na chuki, ikarudia siku baada ya siku, na wauaji wakaisikiliza wakiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Mji uliopitia hayo hauwezi kudanganywa kwamba kupanga sauti na picha ni ufundi mtupu usio na dhamana. Na hakuna nchi ambayo ufundi huo umekaa nyumba moja na dola kwa muda mrefu, kwa mapenzi na kwa ugomvi, kama Urusi. Kwa hiyo anayetaka kuithamini kazi ya watengenezaji filamu wa Rwanda afanye subira kidogo, apitie Moscow kwanza.

Bakuli la supu na jeneza

Tarehe 27 Agosti 1919 Lenin alitia saini amri iliyoweka shughuli zote za picha na sinema chini ya dola. Mwaka huo huo Moscow ilifungua shule ya filamu, ndiyo hii ambayo leo inaitwa VGIK. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, biashara na nje imekatika, na mkanda mbichi wa kupigia filamu ulikuwa adimu mno. Kijana mmoja aliyezaliwa 1899, Lev Kuleshov, akajikuta anafundisha ufundi ambao vifaa vyake havipo. Wanafunzi wake waliigiza matukio mafupi mafupi kana kwamba kamera inawatazama. Mikanda ya zamani wakaikata na kuiunga upya. Uhaba ndio uliokuwa mwalimu wao. Asiye na mkanda wa kupigia picha mpya hulazimika kufikiri sana juu ya picha zilizopo.

Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mashuhuri Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha lolote. Kwa masimulizi ya mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin, uso ule uliungwa na bakuli la supu, kisha na mwanamke aliyelazwa ndani ya jeneza, kisha na mtoto mdogo anayecheza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyomhuzunikia marehemu, jinsi alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa mmoja tu, haukubadilika. Njaa, majonzi na furaha vilitoka vifuani mwa watazamaji wenyewe, vikaamshwa na kile kilichowekwa jirani.

Ukilielewa jaribio hilo, umeelewa nusu ya sinema na sehemu kubwa ya siasa ya karne ya 20. Picha moja haisemi mengi. Anayeamua ipi ifuate ipi ndiye anayesema.

Sergei Eisenstein alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali. Katika Battleship Potemkin ya 1925, kwenye ngazi za Odessa, askari wanashuka kwa hatua za mashine, umati unakimbia, mama anabeba mwanawe, gari la mtoto mchanga linaponyoka. Mhariri wa kawaida angeonyesha watu wakishuka ngazi mpaka chini. Eisenstein anakata, anarudi nyuma kidogo, anakata tena, na ngazi zinarefuka kupita ngazi yoyote iliyojengwa na mwanadamu. Muda wa hofu ni mrefu kuliko muda wa saa, na yeye alipata njia ya kuupima. Hata leo, mtu akikaa na kipande kile akikitazama taratibu, atakuta kila kiungo kimepimwa: mwelekeo wa miguu, mwelekeo wa kivuli, jicho linalofunguka na mdomo unaopiga kelele.

Lakini kuna jambo la kulikumbuka pamoja na sifa hizo. Mwaka 1905 damu ilimwagika kweli Odessa, ila mauaji yale ya kwenye ngazi, kwa mpangilio ule, ni kazi ya Eisenstein. Watu wengi duniani leo wanaamini yalitokea hivyo hivyo. Mkasi umepanda kumbukumbu mahali ambapo haikuwapo. Nitalirudia hilo tukifika Kigali.

Wawili wengine wanastahili kutajwa, na wote ni wanawake ambao majina yao hayajulikani kama ya wanaume waliofanya nao kazi. Esfir Shub alianza kwa kukata filamu za kigeni upya ili zifae kwa watazamaji wa Kisovieti. Mwaka 1927, kwa ajili ya miaka 10 ya mapinduzi, alitoa Kuanguka kwa Ukoo wa Romanov, filamu iliyotengenezwa kwa picha za zamani, zikiwemo zile ambazo mfalme mwenyewe alipigiwa kwa ajili ya nyumbani kwake. Shub alipekua maghala, akasafisha mikanda iliyooza, akachagua. Kuna mahali mabwana na mabibi wanacheza dansi sitahani, wanachoka, wanajifuta jasho. Kiungo kinachofuata ni wakulima na vibarua wakitokwa na jasho la kazi. Shub hakupiga hata ngumi moja mezani. Aliweka jasho karibu na jasho, akaondoka.

Mwingine ni Elizaveta Svilova, mhariri na mke wa Dziga Vertov. Katika Mtu na Kamera yake ya 1929, filamu inasimama ghafla na tunamwona Svilova mezani, na vipande vya mkanda vikiwa vimepangwa kwenye rafu. Tunaona uso wa mtoto umetulia kama picha ya ukutani. Svilova anakichukua kipande, anakiunga, na mtoto anaanza kucheka. Sijui sifa nzuri kuliko hiyo ambayo filamu imewahi kuutolea uhariri: kabla ya mkono wa yule mama, mtoto alikuwa picha tu.

Mkasi ukishikwa na dola

Walioiona nguvu hiyo hawakuwa wasanii peke yao. Dola lililogharamia filamu lilijua lilichokuwa likinunua, na halikuchelewa kutaka kushika mkasi lenyewe. Eisenstein alipokuwa akimalizia filamu ya Oktoba, kwa ajili ya sherehe zile zile za 1927, Trotsky alikuwa ameanguka kisiasa, ikabidi sehemu zake zikatwe. Mtu aliyekuwa katikati ya mapinduzi akatoweka kwenye filamu ya mapinduzi. Mwaka 1937 filamu ya Eisenstein ya Mbuga ya Bezhin ilisimamishwa na mikanda yake ikapotea. Kilichobaki ni fremu moja moja kutoka kwenye vipande, ambazo mkewe Pera Attasheva alizitunza. Mwaka 1967 wenzake walizipanga fremu hizo kwa mfuatano ili dunia walau ione kivuli cha kilichoangamizwa. Sehemu ya pili ya Ivan wa Kutisha, iliyokamilika 1946, ilifungiwa mpaka 1958, miaka 10 baada ya yeye kufariki.

Upepo ulipogeuka, mkasi uligeuka nao. Mikhail Romm alimtukuza Stalin katika Lenin Katika Oktoba ya 1937. Stalin alipokwisha kufa na kukemewa, Romm aliirudia filamu yake mwenyewe akamwondoa. Filamu ikapoteza mtu wa pili kwa umaarufu, na mwenye kumtoa ni yule yule aliyemwingiza. Mwaka 1965 Romm huyo huyo alitoa Ufashisti wa Kawaida, iliyoundwa kwa picha za hifadhi za Wanazi wenyewe. Aliziangalia nyuso za watu wa kawaida waliokuwa wakishangilia, akauliza kwa sauti yake, taratibu, walifikaje pale. Naiona kazi hiyo kuwa mojawapo ya zile ambazo kila anayefundisha filamu Rwanda angepaswa kuitazama na wanafunzi wake.

Halafu akaja mtu aliyesusia mkasi. Andrei Tarkovsky aliona kwamba muda una uhai wake ndani ya kila kipande, na kwamba kazi ya mwongozaji ni kuuacha upite bila kuukatiza ovyo. Filamu yake ya Andrei Rublev ilikamilika 1966, ikaonyeshwa Cannes 1969, na nyumbani ikaachiwa 1971. Wakubwa walilalamika kwamba ni ndefu, ni ya kiza, ina ukatili. Nadhani kuna kingine kilichowasumbua. Filamu iliyokatwa kwa kasi humwambia mtazamaji afikiri nini. Filamu inayokaa humwachia nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo haina mlinzi. Ilibidi kungoja Mei 1986, Elem Klimov alipochaguliwa kuongoza umoja wa watengenezaji filamu, ndipo kabati zikafunguliwa na filamu zilizokuwa zimefungiwa kwa miaka, kama Kamisaa ya Askoldov ya 1967, zikaanza kutoka.

Waafrika waliokwenda Moscow

Historia hii inatuhusu kwa damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ousmane Sembène wa Senegal alikwenda Moscow kujifunza filamu kwa Mark Donskoy, akiwa mwandishi aliyekwisha kuchapisha riwaya, kwa sababu aliona kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawasomi. Sarah Maldoror, aliyekuja kutengeneza Sambizanga juu ya vita vya ukombozi wa Angola, alipitia mafunzo yale yale. Souleymane Cissé wa Mali alisoma VGIK. Abderrahmane Sissako wa Mauritania naye alisoma huko katika miaka ya 1980, na filamu yake ya Oktoba, ya 1993, aliipigia Moscow.

Walichorudi nacho hakikuwa siasa ya waliowasomesha. Itazame Yeelen ya Cissé, au Heremakono ya Sissako, uone: hakuna trekta, hakuna bendera. Kuna mtu ameketi, upepo unapita, na kipande kinadumu mpaka upumue pamoja naye. Walichukua ufundi, wakaacha amri.

Na ufundi huo ulipata nyumba Ouagadougou, kwenye tamasha la FESPACO. Cissé alishinda Farasi wa Dhahabu wa Yennenga mara mbili, 1979 na 1983. Sissako alimpata 2003. Mwaka 2019, tamasha lilipotimiza miaka 50, farasi huyo alikuja Rwanda: Joël Karekezi alishinda kwa filamu yake inayoitwa kwa Kiingereza The Mercy of the Jungle. Ni hadithi ya askari wawili wa Rwanda, Xavier na Faustin, waliopotea katika msitu wa Kongo mwanzoni mwa vita vya 1998. Filamu ya vita ingetegemewa kukata kwa pupa, risasi na mlipuko. Karekezi anawaacha wanaume wawili watembee. Msitu unawavua mavazi ya kijeshi kidogo kidogo, na kadiri vipande vinavyokwenda polepole ndivyo swali la kwa nini wapo pale linavyozidi kuwa zito. Hilo ni swali la kisiasa, nalo linaulizwa kwa miguu ya watu wanaotembea.

Sinema inayopanda vilima

Mwaka 1932 mwongozaji Aleksandr Medvedkin alipakia sinema nzima kwenye treni. Mabehewa yake yalikuwa na maabara ya kusafishia mikanda, meza za uhariri na mtambo wa kuonyeshea. Treni ilifika kiwandani au shambani, ikapiga picha za kazi na uzembe, ikazisafisha na kuzihariri upesi, kisha ikawaonyesha wale wale waliopigwa picha, wajadiliane. Serikali ilitaka uzalishaji upande. Lakini Medvedkin aligundua jambo pana zaidi: watu wakijiona kwenye pazia huzungumza kwa namna ambayo mkutano wa hadhara hauwezi kuwafanya wazungumze.

Rwanda ilifika hapo kwa njia yake. Eric Kabera, Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo, ndiye aliyeanzisha Kituo cha Sinema cha Rwanda, na mwaka 2005 likaanza tamasha la filamu ambalo wengi hulijua kwa jina la Hillywood. Tamasha halikubaki mjini. Skrini kubwa ya kujazwa hewa ilipandishwa vilimani, ikasimamishwa kwenye viwanja vya mpira, na watu wakatazama filamu zinazozungumza Kinyarwanda. Baadaye Kabera alianzisha Kwetu Film Institute hapa Kigali, ambako vijana hufundishwa kuandika, kupiga picha na kuhariri.

Mwaka huo huo wa 2005 filamu ya Raoul Peck, Sometimes in April, iliyopigiwa Rwanda, ilionyeshwa katika Uwanja wa Amahoro. Mwaka 1994 uwanja huo ulikuwa kimbilio la maelfu chini ya majeshi ya Umoja wa Mataifa. Fikiria mzigo wa mhariri ambaye kazi yake inatazamwa pale. Eisenstein aliweza kuzirefusha ngazi za Odessa kadiri alivyopenda. Hapa, ukiongeza ngazi moja ambayo haikuwapo, kuna mtu kwenye safu ya tatu aliyekimbia mahali hapo kwa miguu yake, na atajua. Tena kuna mkanaji anayengoja kosa hilo kwa hamu. Ndiyo sababu nasema uhariri wa Kigali ni mgumu kuliko ule wa Moscow. Nguvu ni ile ile. Ruhusa ya kuitumia ni ndogo mno.

Sekunde za Gikondo

Aprili 1994 mpiga picha Mwingereza Nick Hughes alikuwa Kigali. Akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa, alielekeza lenzi ng'ambo ya bonde, upande wa Gikondo, akanasa watu wakiuawa barabarani. Ni mojawapo ya picha chache sana zinazoonyesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakitendeka. Ni picha ya mbali. Inatikisika. Nyuso hazisomeki.

Taarifa ya habari huipa picha ya namna hiyo sekunde chache, kisha hukata kwenda kwa mtangazaji. Kwa elimu ya Kuleshov tunajua maana yake. Waliokufa wakiwekwa jirani na ramani, wanakuwa sehemu ya ramani. Wakiwekwa jirani na mwanadiplomasia anayesita, wanakuwa mfano katika hoja yake. Majina yao hayamo.

Hughes hakuiacha picha hiyo hapo. Mwaka 2001 aliongoza 100 Days, Eric Kabera akiwa mtayarishaji, filamu ya kwanza ya kubuni juu ya mauaji yale, iliyopigiwa Rwanda kwenyewe na kuigizwa na Wanyarwanda, manusura wakiwemo. Kisha mwaka 2008 ikatoka Iseta, filamu ya hali halisi ya Juan Reina, inayomwonyesha Hughes akirudi Gikondo na mkanda wake. Wakazi waliitazama picha ile, na waliouawa wakatambuliwa na watu wao.

Hilo kwangu ni tendo kubwa la uhariri, ingawa halikuhitaji mkasi. Sekunde zile zile zilizozunguka dunia bila mwenyewe ziliwekwa jirani na jirani zao halisi: mtaa, ndugu, jina. Shub aliweka jasho karibu na jasho. Iseta imeweka picha karibu na jina, na picha imekoma kuwa ya kila mtu, imekuwa ya wenyewe.

Pa kukata na pa kutokata

Mwaka 2007 filamu ya Munyurangabo ilifika Cannes, katika kundi la Un Certain Regard. Mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, ni Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyekuja Kigali kufundisha vijana filamu, akaipiga na wanafunzi hao katika siku 11, kwa Kinyarwanda. Ngabo na Sangwa ni marafiki. Wanaondoka Kigali na panga lililoibwa sokoni. Ngabo anakwenda kumuua aliyemuua baba yake. Njiani wanapita nyumbani kwa akina Sangwa.

Tazama panga linavyofanya kazi. Limo ndani ya begi. Hatulioni kwa muda mrefu. Lakini kwa kuwa tuliliona mwanzo, kila picha ya amani inayofuata inabadilika: jembe likishuka shambani, mama akikaribisha mgeni, vijana wakicheza ngoma. Ni uso wa Mozzhukhin uliopinduliwa. Kule kitu jirani kiliujaza uso mtulivu maana. Hapa kitu kilichofichwa kinaijaza nchi nzima yenye utulivu. Hakuna mauaji yanayoonyeshwa, na hofu haitoki.

Kisha, karibu na mwisho, Ngabo anaingia mahali pa kula na kukutana na kijana mshairi, Edouard Uwayo, ambaye anaghani shairi lake juu ya nchi, mgawanyiko na ukombozi. Chung angeweza kukata: uso wa Ngabo anayesikiliza, mikono, vilima dirishani. Hakukata. Kwa dakika kadhaa tunamtazama mshairi tu, mpaka pumzi yake ya mwisho. Uamuzi huo ni wa kiufundi na ni wa heshima kwa pamoja. Nchi hii imezungumziwa sana na wengine, kwa vipande vifupi vifupi, sauti ikikatwa kabla ya kumaliza. Kumwacha Mnyarwanda mmoja aseme bila kukatizwa ni msimamo wa kisiasa usiohitaji bango.

Kivu Ruhorahoza alikwenda njia nyingine. Katika Grey Matter ya 2011 kijana mwongozaji anayeitwa Balthazar anatafuta fedha za filamu yake na hazipati, kwa kuwa ofisini wanataka filamu zenye mafunzo ya wazi. Halafu tunaingizwa, bila kuonywa, katika kitu kinachoweza kuwa ndiyo filamu anayoiwaza: mwendawazimu aliyefungiwa chumbani na mende, kisha kaka na dada, Yvan na Justine, manusura wanaojaribu kuishi katika nyumba moja na kilichowapata. Anayejua redio ya 1994 iliwaita Watutsi nini hahitaji kufafanuliwa mende yule. Ruhorahoza haweki kiungo laini kati ya sehemu hizo. Anaacha mapengo, kama akili ya aliyeumizwa inavyoacha mapengo, na mtazamaji anavuka mwenyewe. Ramadhan "Shami" Bizimana, aliyemwigiza Yvan, alipata tuzo ya mwigizaji bora huko Tribeca mwaka huo.

Na kuna wale wanaofanya kazi na ushuhuda. Kabera alitoa Keepers of Memory mwaka 2004, na tangu hapo Wanyarwanda wengi wameketi mbele ya kamera kueleza. Shahidi anafika mahali, ananyamaza. Anatazama chini. Mhariri afanye nini na sekunde 11 za ukimya? Ubongo wa televisheni unasema kata, watu watachoka. Ubongo wa propaganda unasema weka muziki wa huzuni, walie. Fundi mwadilifu anaziacha zilivyo, kwa sababu ukimya ule ni sehemu ya ushuhuda, pengine ndiyo sehemu isiyoweza kughushiwa. Lakini pia anajua ukimya ukizidi unageuka kumchungulia mtu katika udhaifu wake. Kwa hiyo anatafuta fremu yenyewe ambapo heshima ingali ipo, na hapo ndipo anapokata. Hakuna kitabu kinachoitaja fremu hiyo. Anaipata kwa kurudia, kwa kusikiliza, kwa kumfikiria yule mtu akiitazama filamu pamoja na wanawe.

Kizazi kipya kinaendelea na subira hiyo. Samuel Ishimwe alishinda Dubu wa Fedha wa majaji huko Berlin mwaka 2018 kwa filamu fupi ya Imfura, ya kijana anayerudi kwenye kijiji cha mama yake aliyepotea. Myriam Birara alipeleka The Bride Berlin mwaka 2023, kuhusu msichana aliyelazimishwa kuolewa miaka mitatu baada ya 1994. Wote wanazungumzia historia nzito kwa chumba, kwa mlango, kwa mtu anayengoja.

Ninachokiona, nikiiweka Moscow na Kigali meza moja, ni hiki. Warusi walituonyesha kwamba anayepanga picha anapanga fikra za watu, wakaulipia ugunduzi huo kwa filamu zilizopotea, zilizofungiwa na zilizokatwa upya kila bwana alipobadilika. Watengenezaji filamu wa Rwanda wamepokea nguvu hiyo wakiwa tayari wanajua madhara yake. Kwa hiyo ufundi wao bora upo kwenye kujizuia: kutokuonyesha panga likishuka, kutomkatiza mshairi, kutoongeza ngazi ambayo haikuwapo. Eisenstein alikuwa na kipaji kikubwa kuliko wengi, na mimi namheshimu. Lakini kama ningepaswa kumkabidhi mtu kumbukumbu ya familia yangu aihariri, ningempa fundi wa Kigali.

Basi nina maombi matatu. Wenye vyuo na matamasha, wapeni wahariri nafasi na mafunzo sawa na mnayowapa waongozaji, maana hapo ndipo filamu inapoamuliwa. Wenye mikanda na kanda za video za zamani, majumbani, parokiani, ofisini, zipelekeni kwenye hifadhi kabla ukungu haujazila. Shub asingeweza kitu bila ghala. Na wewe msomaji, ukitazama filamu ya Rwanda, itazame mara mbili: mara ya kwanza kwa hadithi, mara ya pili kwa viungo vyake. Kila picha inapobadilika jiulize kwa nini hapa, na kwa nini sasa. Kisha usiondoke majina yanapoanza kupanda. Subiri lipite la mhariri, ulisome.